Dohani yako inavuta, ila haina cha kuvuta

Ndugu yetu mmoja yuko Vermont kaskazini, Marekani, kauliza swali refu, nalifupisha. Amejitengenezea jiko la kuchemshia maji ya mepo, yale maji matamu ya mti yanayochemshwa mpaka yawe shira, kwa tangi kuukuu la mafuta ya kupashia nyumba, amelilaza, akakata juu, akaweka trei bapa ya stenlesi futi 2 kwa futi 4. Hewa inaingia kwa tundu la inchi 4 alilotoboa chini ya mlango. Dohani ni bomba la inchi 6 linalotokea nyuma, limepinda mara mbili, limetoboa ukuta wa banda na limeishia chini kidogo ya kilele cha paa. Mlango wa kuni ukiwa wazi kidogo moto unanguruma, akiufunga unasinzia na moshi unakuwa mzito. Trei inachemka mbele tu, nyuma inatoa kamvuke ka kusingizia. Maji yanayoondoka kwa mvuke ni kama galoni 4 kwa saa. Sasa anataka kununua feni apulizie chini ya moto, anauliza achukue ya nguvu gani.

Kaka, pole na kazi, ila hela ya feni ikae mfukoni kwanza. Jibu la nusu ya shida yako umeliandika mwenyewe bila kujua, pale uliposema mlango ukiwa wazi moto unanguruma. Dohani ingekuwa mbovu kabisa, ukifungua mlango moshi ungekujia usoni na machozi yangekutoka. Wewe ukifungua moto unafurahi, maana yake dohani inavuta, ila huku chini haipati cha kuvuta. Kila aliyewahi kupikia jiko la mkaa anajua kale kamlango ka chini kana kazi gani, ukikaziba mkaa unalala hata uwe mkavu namna gani, na lako ndo hivohivo tu ila kubwa.

Hebu tupige hesabu ndogo. Bomba la inchi 6 lina eneo la kama inchi 28 za mraba. Tundu la inchi 4 lina kama inchi 12 na nusu. Yaani unaitaka hewa ipite kwenye tundu lisilofika hata nusu ya dohani, alafu ipenye kwenye majivu, alafu ipenye kwenye kuni, ndo ifike kwenye moto. Haiwezi. Kanuni ninayotumia mimi ni kwamba njia ya kuingilia hewa chini ya chanja, yaani vyuma vinavyobeba kuni, isipungue eneo la dohani, na ikizidi ni bora zaidi kwa sababu ukishaweka kibati cha kuteleza unaweza kupunguza utakavyo, ila tundu dogo huwezi kuliongeza katikati ya usiku huku maji yanachemka. Kwa hiyo kata dirisha la inchi 5 kwa 8 hivi chini ya mlango, hapo una 40, weka kibati cha kuteleza, umemaliza.

Na usiseme basi nitakuwa naacha mlango wa kuni wazi kidogo kama ninavyofanya sasa. Hapo ndo wengi wanadanganyika kwa masikio. Hewa ikiingia kwa mlango wa juu inapita juu ya makaa, nyingi na ya baridi, Machi ya Vermont unaijua mwenyewe, inachanganyika na miali na kuipoza, alafu inakimbilia dohani na joto lako mkononi. Moto unanguruma kweli, ila mngurumo hauchemshi maji. Ukitaka kuamini angalia trei wakati mlango uko wazi, utaona povu la mbele linatulia badala ya kupanda. Hewa kuu ipite chini ya chanja, ipande kwenye makaa, itoke ikiwa na moto.

Chanja yenyewe hukuiandika vizuri, umesema tu bati nene lenye matundu. Kama ni ile ya matundu madogo madogo, makaa yanakaa juu yake na kuziba kila kitu baada ya saa moja, hata ukiwa na tundu kubwa huko chini ni kazi bure. Bora chanja za chuma cha kusubu zile nzito, na kama bei inauma tafuta vyuma vya pembe vinene, vipange sambamba kwa kutazamisha mfereji juu, yaani kama herufi V, uache nafasi ya nusu inchi mpaka robo tatu inchi kati ya chuma na chuma. Mfereji unajaa majivu, majivu yanakikinga chuma na moto, na hewa inayopita katikati inakipoza. Ukisikia mtu analalamika chanja zake zimejipinda kama nyoka, nenda kaangalie chini, utakuta majivu yamejaa mpaka yamezigusa, hewa haipiti. Yatoe kabla hujawasha na tena katikati ya siku ukichemsha siku nzima. Hapo hakuna siri nyingine.

Sasa twende kwenye uvujaji, na hapa naomba usome polepole kwa sababu hii ndo sehemu watu wanairuka, na kwa jiko la tangi ndo ugonjwa mkubwa. Dohani haijui kwamba unataka ivute kutoka chini ya chanja. Inavuta kutoka popote palipo rahisi. Trei yako imekaa juu ya ukingo wa tangi chuma kwa chuma, na lile tangi ulipolikata na grainda ukingo haukutoka sawa, hakuna mtu anayekata sawa kwa grainda, halafu lilivyopata moto mara ya kwanza likajikunja kidogo. Kwa hiyo pande zote za trei una nyufa. Ufa wa robo inchi tu kwenye futi 4 za upande mmoja ni inchi 12 za mraba, sawa na lile tundu lako lote la chini! Na hewa inayoingia hapo haijapita kwenye moto, inaingia baridi moja kwa moja chini ya trei, inapoza pale ulipotaka pachemke, inaingia dohani na kuipoza nayo, na dohani ikipoa inavuta kidogo zaidi. Hasara juu ya hasara.

Namna ya kuzitafuta ni rahisi. Washa jiko mpaka likolee, chukua kijiti cha udi kile cha kawaida cha nyumbani, upitishe taratibu pembezoni mwa trei, kwenye mlango, kwenye maungio ya dohani, kwenye kila mahali ulipochomelea. Moshi wa udi ukisimama wima hapo pazima. Ukijilaza na kumezwa ndani hapo pana ufa, weka alama kwa chaki. Ukiona moshi wa jiko ndo unatoka nje kukutana na udi wako, hilo ni jambo la dohani, tutafika. Ukingo wa trei uwekee ukanda wa blanketi la kauri, lile jeupe linalovumilia moto mkali, au kamba nene ya milango ya majiko ya kuni, trei ikae juu yake kwa uzito wake. Vaa barakoa ukilikata lile blanketi, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Maungio ya bomba na nyufa za mlangoni tumia saruji ya jiko inayouzwa kwenye vikopo, na mlango uufungie kamba hiyohiyo pande zote. Silikoni ya bafuni usithubutu.

Ukishafanya hayo mawili, tundu la chini na nyufa, kuna uwezekano mkubwa feni utaisahau.

Ila nyuma bado patakuwa baridi, na hiyo sababu yake ni nyingine. Tangi la mafuta ni refu kwenda chini. Miali ikitoka kwenye kuni inaingia kwenye shimo kubwa tupu nyuma, inapoteza kasi, inatanuka, gesi nyingi inapita mbali na trei na kutokea bombani bila hata kuigusa. Majiko ya kiwandani hayako hivyo, nyuma ya chumba cha moto sakafu inapanda kama mteremko uliogeuzwa mpaka karibu na trei, gesi inabanwa ipite ikilamba chuma. Wewe jaza. Chumba cha moto kiachie kama nusu ya urefu, futi 2 hivi, jenga ukuta mdogo wa tofali za moto, zile zinazovumilia joto kali, nyuma yake mwaga mchanga mkavu au vemikulaiti, yale madini mepesi yanayozuia joto, juu tandika tofali tena, zipande mpaka ibaki nafasi ya inchi 2 chini ya trei. Usibane zaidi ya hapo, na sababu ni hesabu ileile: upana wa ndani tuseme inchi 22 mara 2 ni 44, hiyo inaizidi dohani yako ya 28, sawa. Ukibana mpaka inchi moja una 22, umejitengenezea kizibo kingine chini ya trei na moto utasinzia tena na utanilaumu mimi. Bomba nalo litokee juu, usawa wa ile nafasi, lisitokee katikati ya tangi. Pembeni mwa chumba cha moto simamisha tofali za moto pia, chuma kitupu kinapeleka joto bandani na huku hulihitaji.

Mahali nilipoona watu wanapata nafuu kubwa kwa gharama ndogo ni hapo kwenye kujaza nyuma, sijui kwa nini hakupewi sifa yake, labda kwa sababu mchanga hauna plagi ya umeme.

Dohani sasa. Nguvu ya kuvuta inatoka kwenye vitu viwili, urefu wa kwenda juu na tofauti ya joto kati ya ndani ya bomba na nje. Urefu wa kulala hausaidii kitu, unakula tu. Kona nazo zinakula, na wewe una mbili za digrii 90. Wachemshaji wa huko wana kanuni yao ya mkono kwamba dohani iwe angalau mara mbili ya urefu wa jiko, jiko lako futi 4 basi futi 8 kwenda juu, na hiyo ni kwa bomba lililonyooka. Kama unaweza kutoboa paa badala ya ukuta, toboa paa. Kama huwezi, badilisha hizo elbo za 90 uweke za 45, na sehemu ya kulala iwe fupi na ipande kidogo isikae bapa. Kuishia chini ya kilele cha paa ni kosa, upepo ukivuka paa unashuka upande wa pili na kuusukuma moshi wako urudi, ndo maana nadhani siku nyingine jiko linafanya kazi na siku nyingine halifanyi na huelewi kwa nini. Bomba lipite paa kwa futi 3 pale linapotokea, na liwe futi 2 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kulizunguka. Ukubwa, kwa trei ya 2 kwa 4 mimi ningeweka inchi 8, eneo lake ni kama 50, karibu mara mbili ya sasa. Lakini usibadilishe bomba kabla ya tundu la chini, na ukibadilisha tundu nalo ulipandishe lifuate.

Bomba la ukuta mmoja linataka inchi 18 kutoka kwenye mbao au kitu chochote kinachowaka, na pale linapopita ukutani au paani pawe na kipitishio chake maalumu. Banda la mepo likiungua Machi usiku, zimamoto wanafika na matope yale ya barabarani saa ngapi?

Asubuhi ya baridi kali dohani inakuwa imejaa hewa nzito, unawasha na moshi unarudi ndani. Hapo chukua gazeti, likunje, liwashe kwenye mlango mdogo wa chini ya dohani kama unao, lipashe bomba kwanza, ukisikia linavuta ndo uwashe kuni. Kama hauna hako kamlango kaweke, kanasaidia pia kutoa masizi. Masizi yenyewe yapigwe brashi chini ya trei kila baada ya siku mbili tatu za kuchemsha, yanazuia joto kuliko unavyofikiri.

Kuni sitazisema sana kwa sababu umesema ni kavu, ila ningependa uhakikishe, nunua kale kapimaji ka unyevu, pasua gogo upime ndani sio kwenye gome, iwe chini ya asilimia 20. Mti uliokatwa vuli iliyopita haujakauka hata kama uko chini ya turubai. Na unene uwe wa kifundo cha mkono. Najua inachosha kupasua, ila jiko la kuchemshia halitaki magogo ya kulala nayo usiku kucha kama jiko la sebuleni, linataka moto mkali wa haraka. Panga kwa kupishana ili hewa ipite katikati, usijaze mpaka zikaziba pale mbele ya mteremko, ongeza kidogo kidogo kila dakika 7 mpaka 10, fungua, tia, funga. Weka kipima joto cha sumaku kwenye dohani, kikianza kushuka ndo saa ya kutia, usingoje uone mchemko umekufa.

Kitu kingine ambacho hukukiandika lakini nakihisi. Umesema ulizungushia banda plastiki ili usisikie baridi. Na mvuke unatokea kwenye uwazi wa juu ya paa, sivyo? Ule mvuke ukipanda unatoka na hewa ya banda, na jiko nalo linataka hewa ileile, kuungua kwa kilo moja ya kuni kunahitaji kama kilo 6 za hewa na kwa vitendo inapita zaidi ya hiyo. Wawili wanagombania hewa kwenye chumba kilichozibwa, na mvuke ukishinda moshi unarudi. Jaribio lake halina gharama, moto ukiwa umesinzia fungua mlango wa banda wote. Ukiamka ndani ya dakika moja, shida ilikuwa hapo. Dawa ni kutoboa sehemu ya kuingilia hewa ukutani chini karibu na lile tundu la chini la jiko. Na kengele ya kaboni monoksaidi itundikwe humo bandani leo, sio wiki ijayo, ile gesi haina harufu na chumba cha plastiki chenye jiko la kuni linalosinzia ndo mahali pake.

Haya, feni. Siipingi, majiko makubwa yana feni mbili, moja inapuliza chini ya chanja na nyingine inapuliza juu ya moto kwa vitundu vidogo vyenye kasi, kwa sababu sehemu kubwa ya gogo, kama asilimia 80 hivi, inatoka kwanza kama gesi na kuungua juu ya kuni, haiungulii kwenye makaa. Hiyo ya juu kwa jiko lako la futi 4 sikushauri, kazi nyingi faida ndogo. Ya chini inawezekana ukishaziba nyufa zote, na sababu ya kusema ukishaziba ni hii: bila feni ufa unavuta hewa ndani, ukiwasha feni ndani kunakuwa na msukumo na ufa uleule unatema moshi na kaboni monoksaidi kwako. Chukua feni ndogo yenye kurekebishika, na uweke swichi karibu na mlango ili kila unapotia kuni uizime kwanza, vinginevyo ukifungua mwali unatoka kukusalimia. Ile mashine ya kupulizia majani iache ifanye kazi ya majani, inanyanyua majivu na cheche na kusukuma miali mpaka ndani ya dohani, utaliona bomba limewiva jekundu utafurahi kumbe ndo hela inaenda angani. Bomba likiwa jekundu hata bila feni, ujue sasa linavuta kupita kiasi, punguza kibati cha chini.

Utegemee nini? Kwa trei bapa watu wanahesabu kama galoni moja ya maji kuondoka kwa saa kwa kila futi ya mraba, wewe una 8. Maji yako ukiyapima na yana sukari asilimia 2, wachemshaji wanagawa 86 kwa hiyo asilimia, 86 kwa 2 unapata galoni 43 za maji kwa galoni moja ya shira. Kwa mwendo wa sasa wa 4 ni zaidi ya saa 10 mbele ya moto kwa galoni moja, ukifika 8 ni saa 5 na kidogo. Na hiyo ina maana kwenye ubora pia, maji yakikaa kwenye ndoo siku kadhaa jua likipanda bakteria wanaanza kazi na shira inatoka nyeusi.

Ila mchemko ukipanda mara mbili, trei nayo inakauka mara mbili haraka. Hapo ndo watu waliozoea moto wa kusinzia wanaunguza trei. Weka kina cha inchi 1 na nusu mpaka 2, maji yaingie yenyewe taratibu kwa bomba lenye valvu na yapashwe kwanza, usimwage ndoo nzima ya baridi ukaua mchemko. Povu likipanda tone la siagi linatosha. Shira inaiva ikifika digrii 7 za Farenhaiti juu ya joto la kuchemka maji siku hiyo, kwa hiyo chemsha maji matupu asubuhi upime, usiamini 212 iliyoandikwa.

Msimu umeshaanza, kwa hiyo wiki hii fanya tundu, ukanda wa trei na kujaza nyuma, hizo ni kazi za siku moja jiko likiwa limepoa. Dohani isubiri Mei. Ukimaliza tupia picha ya ndani ya tangi trei ikiwa imetolewa, nione ule mteremko ulivyokaa kabla hujawasha.